Sweta ya Damu ya Mzee

Ujinga wangu ni huu, na naanza nao kwa sababu nikiuweka mwisho nitaukimbia: muhula uliopita, ndani ya chumba cha mikutano cha shule yetu hapa Kaaga, nilichomoa pini mbili, nikabadilisha vikaratasi viwili, nikarudisha pini. Kazi ya nusu dakika. Ninyi mnaosimama hapa ubaoni karibu na kantini kila Jumatatu kusoma safu hii mnanijua, na mnajua nimewahi kufanya makubwa kuliko hayo kabla ya chai ya saa nne. Mimi ndiye niliyeandika kwamba maharagwe ya shule yamefikisha umri wa kuchukua kitambulisho, mkacheka, nami nikafyeka nyasi siku mbili. Leo ngojeni kwanza. Fundi amekufa. Yule fundi wa sweta wa pale chini ya geti letu, mwenye kibao cha SWETA ZA ZAMANI. Jina silitaji. Wanaomjua wanamjua, na wewe unayesoma hapa ukijikuna, huenda umemvaa.

Habari ilitufikia Jumamosi asubuhi, likizo ikiwa imebakiza wiki moja. Mama alikuwa anachuja ucuru, uji wetu wa kuchachusha, simu ikaita juu ya kabati, akaishika kwa mkono uliolowa. Nyumbani tunaongea Kimeru. Kiswahili mama hukitunza kwa ajili ya watu wa ofisi, wageni, na zile siku ambazo amenikasirikia kiasi kwamba lugha yetu haimtoshi. Alisikiliza, akaitikia mara tatu, akaweka simu chini na kuendelea kuchuja. Chujio lilikuwa limeshakauka na yeye bado anazungusha mwiko. "Fundi ameenda," akaniambia. Alikuwa amefia kwao Kianjokoma, upande wa Embu, alikokwenda kupumzisha kifua kilichojaa vumbi la uzi la miaka mingi. Sasa niwaambie jambo ambalo sijivunii. Wazo langu la kwanza halikuwa huzuni. Lilikuwa: basi, hajamwambia mtu. Nikashusha pumzi. Halafu pumzi hiyo ikaniogopesha kuliko kifo chenyewe, nikatoka nje nikasimama kwenye migomba, na jua lilikuwa linawaka vizuri tu.

Fundi alikuwa mtu wa kuchekwa, na mimi nilikuwa mchekaji wake mkuu. Chukua kile kibao. Huku kwetu herufi z inatusumbua. Lugha zetu za mlimani hazina, kwa hiyo ulimi huenda kuitafuta na kurudi na kitu kingine. Kinywani mwa fundi, thamani na zamani yalikuwa neno moja, "dhamani", zito na laini kama mukimo wa moto. Alijua udhaifu wake. Basi siku aliyoamua kuandika kibao cha duka, akaona ajisahihishe mapema kabla wasomi wa Kaaga hawajamsahihisha: akaitoa th ya THAMANI, ambayo aliishuku kuwa ya kijijini, akaweka z ya kisomi. SWETA ZA ZAMANI, KARIBUNI. Wiki ya kwanza walikuja watu wanne kuulizia mitumba. Nikamwambia, "Fundi, umeutangazia mji kwamba sweta zako ni kuukuu." Akakitazama kibao, akanitazama na mimi. "Rangi imeshakauka," akasema. "Si wewe ni mwandishi? Waandikie watu wako maana yake." Nikaandika. Hiyo ndiyo ilikuwa safu yangu ya kwanza, mtaikumbuka, na mlicheka mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini. Fundi mwenyewe alikuja getini kuisoma. Alisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, kisha akasema nimekosea mahali pamoja: sikuandika kwamba sweta zake hazichaniki kwapani.

Na ni kweli hazikuchanika. Mashine yake ilikuwa ya kuvutwa kwa mkono, safu ndefu ya sindano na juu yake kigari cha chuma, akikisukuma kulia, akikivuta kushoto, krrr-sha, krrr-sha, sweta ikiteremka polepole kama mtoto asiyetaka kuoga. Yeye alifuma vipande: mbele, nyuma, mikono. Mama yangu, aliyefanya kazi naye tangu mimi nikiwa wa kubebwa mgongoni, aliviunganisha na kushona shingo. Walikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Ndani ya pindo la mkono wa kushoto waliacha mkia wa uzi, mrefu kama mkono wenyewe, umekunjwa na kufichwa, ili siku kiwiko kikitoboka mzazi asihangaike kutafuta uzi wa rangi ileile. Sweta ilizaliwa ikiwa na dawa yake mfukoni. Rangi yetu ya shule, kama mnavyojua, ni damu ya mzee, nyekundu iliyokolea. "Na mzee ni mimi," fundi alipenda kusema akinyanyua sweta iliyokamilika. Sisi tulicheka. Siku hizi nikiisikia rangi hiyo ikitajwa, nageuza mazungumzo.

Mtu ambaye fundi alimpenda zaidi, mbali na mama yangu na redio yake, alikuwa mwalimu wetu wa historia, ambaye alisoma Umaksi chuo kikuu na hajapata mtu mwingine Kaaga wa kubishana naye. Fundi hakwenda chuo. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo mbali na hapa, kiwanda ambacho kilishafungwa na kuota nyasi, na huko wafanyakazi walikuwa wanakaa saa ya chakula wakisomeana maandishi ya Mjerumani mmoja mwenye ndevu, aliyeuliza swali moja maisha yake yote: thamani ya kitu inatoka wapi? Mwalimu akipita jioni kuchukua sweta ya mtoto wake, ile kazi ya dakika moja ilimaliza saa nzima, na mimi nilikaa juu ya gunia la nyuzi nikijifanya namsubiri mama.

"Fundi, tuseme ukweli," mwalimu alianza siku moja, akivuta kigoda. "Mashine ya kisasa inafuma sweta ishirini wewe ukiwa kwa moja. Hizo kumi na tisa zimepewa thamani na nani, kama si mashine?"

"Mwalimu. Hii yangu, nikienda chooni, inafuma?"

"Haifumi."

"Nikifa je?"

"Itauzwa."

"Haya. Itauzwa, haitalia." Akakivuta kigari, krrr-sha. "Sikiliza. Kuna mtu alichimba hiki chuma. Mwingine akakiyeyusha. Mwingine akanyoosha hizi sindano, moja moja. Wote wameenda, hata hatujui makaburi yao, lakini kazi yao imelala humu ndani. Mimi nikivuta, naiamsha kidogo, inaingia kwa sweta kidogo kidogo mpaka siku mashine itaisha. Haitoi kitu chake. Inarudisha yenye ilipewa. Mwenye anaongeza dhamani ni huyu anavuta. Yule Mjerumani aliiita kazi iliyokufa, na hii yangu kazi iliyo hai."

"Kwa hivyo mashine ni mzimu, fundi?" nikauliza kutoka kwenye gunia.

"Mzimu ni wewe, unatokea hapa saa za masomo."

Mwalimu alicheka, lakini hakuachia. "Na ikijivuta yenyewe? Bila mtu? Kompyuta inasoma mchoro, inafuma, inakata uzi. Hapo mwenye kuongeza ni nani?"

Fundi alikohoa kwanza. Kikohozi chake kilikuwa kama mtu anayeburuta kiti kwenye sakafu. "Hapo ndipo wazee wa kiwandani walikuwa wanagombana mpaka chai inapoa," akasema. "Wengine walisema kompyuta ina watu pia, wamejificha mbali, wale waliifundisha. Wengine wakasema kama hakuna mtu hakuna dhamani, bei itaanguka tu mpaka chini."

"Basi wewe na mimi tumekubaliana. Bei itaanguka."

"Itaanguka. Lakini itamwangukia nani, mwalimu? Hiyo ndiyo sikusikia ikijibiwa." Kisha, kwa kuwa alichukia mazungumzo yaishe kwa unyonge, akamgeukia. "Nyinyi Wameru mtajua wapi, na kutwa mnatafuna vijiti vya miraa?"

"Afadhali vijiti kuliko majani ya muguka wenu wa Embu. Mbuzi ndiye hula majani."

"Na mchwa ndiye hula vijiti."

Nilicheka nikaanguka kutoka kwenye gunia. Lakini nilimwona mama. Yeye hakucheka. Alikuwa ameinamia shingo ya sweta, sindano imesimama hewani, akimtazama mwalimu kama anayengoja arudie lile swali la mashine inayojivuta.

Haikuchukua muda, mashine hiyo ikaja Meru mjini. Mfanyabiashara mmoja aliiweka nyuma ya kioo ili wapita njia waione, na mama akanichukua twende tukaitazame, kama watu wanavyokwenda kumtazama mgonjwa. Ilikuwa ndefu kama kitanda, nyeupe, imefunikwa kifuniko safi, na hakuna aliyeigusa. Kulikuwa na kijana mmoja tu kwenye kiti, anatazama simu. Kitu ndani kilikuwa kinakimbia kushoto kulia kwa kasi ambayo macho yangu hayakuipata, na chini, kwenye mwanya, sweta ilikuwa inatoka polepole, imeloa taa, kama ulimi. Nilitaka kusema mzaha. Nawaapia, nilikuwa nao mdomoni, kuhusu ulimi na mwalimu wetu wa zamu. Nikamwona mama ameingiza mikono yote miwili chini ya leso, ameishika kama anaificha isionekane na ile mashine, na ule mzaha ukanikauka. Tulirudi Kaaga, yeye mbele, mimi nyuma. Tangu siku hiyo nilianza kuogopa kitu ambacho sikuweza kukitaja, na mimi nikiogopa hufanya ujinga. Wengine hulia.

Sasa pini. Shule iliamua kwamba sweta za wanafunzi wapya wa mwakani zitafumwa na mtu mmoja tu, na kamati ya wazazi ikaitisha sampuli mbili: moja ya fundi, moja ya mwenye mashine ya kioo. Kwa fundi na kwa mama hiyo ilikuwa kazi ya mwaka mzima, au mwaka mzima bila kazi. Sweta zililetwa kila moja ndani ya mfuko wa plastiki, kikaratasi cha jina kimebanwa kwa pini, na mwalimu wa zamu akanituma nizipange mezani kabla kamati haijaingia. Nikabaki peke yangu nazo. Zilikuwa rangi moja, kipimo kimoja, mistari miwili ya manjano shingoni. Nikazitazama. Niliona ile ya mashine, iliyokunjwa kwa ukali kama bahasha, nikaikumbuka mikono ya mama chini ya leso, nikajiambia: hii ndiyo itashinda. Kompyuta haiwezi kushindwa na mzee anayekohoa. Nikachomoa pini. Nikabana jina la fundi kwenye sweta ya mashine, na jina la mashine kwenye sweta ya fundi. Niliwaza kwamba baadaye nitaandika safu ya kuwacheka wote. Hiyo ndiyo hadithi niliyojiambia, kwamba ni mchezo. Ukweli ni kwamba nilitaka fundi ashinde, na sikuamini kwamba anaweza kushinda kwa kazi yake.

Niliambiwa ningoje nje nirudishe vitu, kwa hiyo nilisikia kila kitu kupitia dirishani. Walizivuta, wakazigeuza ndani nje, wakazinusa hata. Mwenyekiti akashika ile yenye kikaratasi cha mashine, akaivuta shingo, ikavutika ikarudi. "Mnaona, wazazi? Hii ndiyo kompyuta. Mkono wa mtu hauwezi hii." Mzazi mmoja akapata mkia wa uzi ndani ya pindo. "Na wameacha uzi wa kushonea!" "Hawa watu wanafikiria mbali," mwenyekiti akasema. Halafu wakachukua ile nyingine. "Na hii ya fundi?" Wakaipima kwa mkono. "Ni nyepesi. Mzee amechoka, tumwache apumzike." Wakapiga kura kwa mikono, na mikono yote ikainuka. Pale nje nilikuwa nimeshika ukuta. Ningeweza kuingia. Hatua nne. Ningesema, samahanini, nimechanganya vikaratasi, ningefyeka nyasi mwezi mzima, labda ningetumwa nyumbani wiki mbili, na mambo yangekwisha. Sikuingia. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno, nilikosa hilo moja.

Sweta iliyoshinda ilitundikwa kwenye kabati la kioo ofisini, na bado iko pale. Iliyoshindwa nilipewa mimi nimrudishie mwenyewe, kwa kuwa njia yangu inapita dukani kwake. Nilimkuta peke yake, mama ameenda sokoni. Nikampa mfuko, nikaanza kurudi kinyumenyume. "Ngoja," akasema. Akaitoa sweta. Hakuitazama hata, aliingiza kidole ndani ya pindo la mkono wa kushoto, akakizungusha, akatafuta. Hakukuwa na mkia wa uzi. Akatafuta kwenye mkono wa kulia pia, kwa kuipa nafasi. Kisha akaiweka mapajani na kuilainisha kwa kiganja, taratibu, kama unavyompapasa paka wa jirani.

"Zilipangwa na nani mezani?"

"Na mimi, fundi."

"Na nani mwingine?"

"Peke yangu."

Nilingoja anizabe kofi. Nililitamani. Alinitazama, na machoni mwake sikuona hasira. Niliona mtu anayepiga hesabu ya kitu kilicho mbali sana na yeye mwenyewe. Akainyanyua ile sweta ya mashine kwenye mwanga wa mlango. "Hii pia ni kazi," akasema. "Kuna watu humu. Ni vile hawajulikani." Halafu akaikunja, akasema neno moja la mwisho ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku hiyo. Akasema, "Dhamani." Sijui alisema thamani au zamani. Sijui kama alikuwa anaongea juu ya sweta, au juu yake, au juu yangu. Niliyemcheka miaka miwili kwa neno hilo, sasa ningetoa chochote kujua alimaanisha lipi, na mwenye kuniambia amelala Kianjokoma chini ya udongo mwekundu.

Baada ya wiki mbili alifunga akaenda kwao. Kifua, wakasema. Mimi nilikuwa nikilala naiona ile shingo inavutwa na kurudi, inavutwa na kurudi, mpaka inakuwa shingo ya mtu. Mchana nikipita ofisini niligeuza uso nisitazame kabati. Nilikuwa namwogopa mwenyekiti, namwogopa mwalimu mkuu, na zaidi namwogopa mama, kwa sababu alianza kukaa nyumbani siku za kazi akifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Mimi nimeshatoka jandoni, mama hanichapi tena. Ananitazama tu, na anavyotazama ni vibaya zaidi.

Nimewaza sana tangu hapo, jambo ambalo walimu wangu hawataliamini. Kamati haikuwa na macho mabovu. Iliona vizuri sana. Iliona mikono ya mama yangu, ikaisifu, ikashangaa, ila sifa yote ikapanda gari ikaenda mjini kwa mashine ambayo siku hiyo haikuwa hata chumbani. Nilidhani nimebuni uovu mpya. Sasa naona nilichofanya kwa pini kinafanywa kila siku bila pini. Chai inayochumwa Kianjokoma, kidole kwa kidole, mvua ikinyesha, ikifika kwenye pakiti ni ya picha iliyo kwenye pakiti. Ndizi za Mitunguu zinazobebwa mgongoni, mjini husemwa ni za duka. Na kuna mwenzangu darasani, mnamjua, aliyenishauri niiambie simu iandike hii safu ya leo: "Buda, andika tu maneno mawili, itakutolea msiba wote." Inaweza. Itaandika vizuri kuliko mimi, bila kutetemeka. Lakini fundi angeingiza kidole ndani ya pindo. Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa, wasee, wala si kwamba mashine zitakuja. Zimeshakuja. Naogopa kwamba sisi wenyewe, tuliolishwa na mikono fulani, tutakuwa wa kwanza kubandua jina la mikono hiyo, kwa sababu hatukuamini kamwe kwamba inaweza kushinda. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimtoa fundi mwenyewe, nikiwa naye upande mmoja.

Mazishini nilikaa nyuma kabisa, karibu na mashina ya chai, ambapo mtu anaweza kukimbia. Mwalimu wa historia alisimama akasema maneno machache, kwamba marehemu alimshinda katika mabishano yote na hakuwahi kumtoza chochote kwa masomo, kisha akakaa. Watu wengi pale walikuwa wamevaa sweta zake, za rangi za shule ambazo walimaliza zamani, viwiko vimezibwa kwa uzi uleule. Nilihesabu mpaka nikaacha. Binti ya fundi alikuja akampa mama ufunguo wa duka. "Baba alisema mashine isiuzwe," akamwambia. "Alisema mwenye mkono wake ni wewe." Mama aliupokea kwa mikono miwili. Nilikumbuka, "Nikifa je?" na "Itauzwa," na nikaona alikuwa amemjibu mwalimu akiwa tayari hayupo.

Ijumaa alasiri nilimkuta mama dukani. Alikuwa amefungua mlango wote, ameketi kwenye kigoda cha fundi, anajifunza kuvuta kigari. Krrr-sha. Kinakwama. Krrr. Anarudisha. Anafuma sweta ambayo hakuna aliyeiagiza, ya damu ya mzee, na anafuma vibaya, yeye ambaye hajawahi kufanya kitu vibaya mbele yangu. Kwenye rafu, ndani ya mfuko wake wa plastiki, ilikuwa ile sweta niliyoirudisha, kikaratasi bado kimebanwa kwa pini niliyoichomeka mimi. Sikuwa najua ilibaki pale. Nikakaa kwenye gunia la nyuzi. Mikono yangu ilitafuta cha kufanya, ikaingia ndani ya pindo la sweta yangu mwenyewe, ikaupata mkia wa uzi, mrefu, haujaguswa tangu nianze shule hii. Nikaushika kama mtu anayeshika kamba kisimani. Nikamwambia yote. Pini, vikaratasi, dirisha, hatua nne, kidole cha fundi, ile pumzi niliyoshusha asubuhi ya Jumamosi. Nilisema kwa Kimeru, haraka, nikitazama sakafu, na kigari kikawa kinaendelea, krrr-sha, krrr-sha, mpaka nilipofika kwenye kura kikasimama katikati ya sindano. Alifuta mikono kwenye leso, akainuka, akauchukua ule mfuko kutoka kwenye rafu na kuuweka mapajani mwangu. Juu yetu, nje, kile kibao kilikuwa kinagongagonga ukuta kwa upepo. Kutoka pale mlangoni geti la shule linaonekana, na ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa bado wazi. Mama akasema, kwa Kiswahili:

"Shingo ya ile sweta iko ofisini nilishona mimi, na fundi alijua siku ileile ulimletea hii. Aliniambia nisikuulize, ningoje useme mwenyewe. Nimengoja mpaka ameenda. Funga duka, twende."